Simu Ilinificha, Mdomo Ukanitaja

Nawaambia mwenyewe kabla hamjasikia sokoni. Ushirika wetu wa asali hapa Mpanda hauandikishi mtu aliye chini ya miaka kumi na nane. Karani alisema programu mpya itathibitisha ndani ya simu yangu kwamba nimevuka umri huo, bila kumwonyesha mtu nilizaliwa lini. Simu ni ndogo, kwa hiyo inapiga hesabu kidogo kidogo, nisubiri.

Nikasubiri mpaka nikawaka. "Dada, nina miaka ishirini na tisa. Unataka nini tena?"

Hapo hapo simu ikatoa alama ya kijani.

Mume wangu alikuwa pembeni, kambeba mtoto. Ana ishirini na sita, na tangu uchumba nilimwambia amenizidi umri. Akanipangusa jasho, akasema taratibu, "Shikamoo, mama Neema."