Wimbo wa Kuingilia Kanisani

Sijawahi kuipenda ile albamu. Marehemu mume wangu aliinunua kwenye duka la mitumba mtaa wa Balsall Heath wiki aliyofika Uingereza, wakati hata koti hakuwa nalo, na tulipohamia mtaa wa Erdington ikawa inaimba kila Jumamosi huku mimi naosha vyombo. Ilikuwa albamu ya kwanza ya Mzungu mmoja mwenye nywele zilizosimama wima. Eti muziki wa wimbi jipya. Upya gani, kinanda cha umeme kikilia pii pii na mwenyewe anaimba kama aliyeamshwa kwa nguvu? Na haifi. Mpaka leo vijana wanaitafuta, na juzi nimeisikia kwa daktari wa meno, mdomo wazi, siwezi hata kusonya.

Mume wangu alipofariki, binti yetu aliichukua ile santuri. Huyo nimemzalia hapa hapa. Ukimsemesha Kiswahili anajibu Kiingereza. Alipopata mchumba akaniambia hataki mjomba wala mzee wa kanisa amshike mkono siku ya harusi. Ataingia na wimbo wa baba yake, ule wa kwanza kwenye albamu. Nikamwambia utatuaibisha.

Sasa, Wakenya hatuozi bila kamati. Watu wanajaa sebuleni kwako, wanakunywa chai yako, halafu wanakupangia harusi yako. Jumapili moja mwenyekiti, mzee ambaye ndoa yake mwenyewe ilimshinda, akasoma ratiba: bibi harusi ataingia kwa pambio, ule wimbo wa kidunia umeondolewa. Hakuna aliyemuuliza binti yangu. Alikuwa amesimama mlangoni na sinia la mandazi, machozi yanamlengalenga.

"Mama, si hata wewe huupendi?" mwenyekiti akaniuliza, anatabasamu.

"Siupendi," nikasema. "Ni takataka. Lakini ni takataka ya nyumba hii, na mwenye nyumba aliipenda. Rudisha wimbo wa mtoto, kisha umalize chai yako uende."

Siku ya harusi kinanda kikaanza pii pii yake. Akina mama wa kamati wakatazamana, midomo imewabenuka. Binti yangu akaingia peke yake, polepole, kiwiko amekikunja kama anayeshikwa na mtu.

Wimbo ni mbaya mpaka kesho. Niliuimba wote, neno kwa neno.