Kijiti cha Biva

Mzee niliyekuwa nikimhudumia nyumbani kwake Coon Rapids, huku ughaibuni, alikuwa kipofu, tena mkali kama pilipili. Mimi pia si mpole, kwa hiyo tuliivana.

Kabla macho hayajamwishia, yeye na wenzake walikuwa wameleta biva wawili, wale wanyama wa majini wanaoguguna miti, dume na jike, wakawaachilia kwenye kijito nyuma ya mtaa wake. Zamani biva walijaa hapo, wakawindwa kwa ajili ya ngozi za kutengenezea kofia mpaka akaisha wa mwisho. Sasa daktari alikuwa amesema moyo wa mzee umechoka, na kitu kimoja tu kilimkosesha raha: wale wawili walibaki, au walikwenda zao?

"Nenda ukaniangalizie, binti," akaniambia.

Mimi mtu wa Kisii, biva nimjulie wapi? Kesho yake asubuhi, kabla ya zamu, nilitembea dakika tano, viatu vikalowa, nikarudi. Nikamwambia nimewaona, wamenona, hawana shida. Nilitaka afurahi, basi.

"Mkia ukoje?" akauliza.

"Kama wa panya," nikajibu bila hata kufikiri.

Mzee akageuzia uso ukutani. Jioni nilitazama kwenye simu: mkia wa biva ni mpana, bapa, kama mwiko wa ugali. Njia ya mwongo ni fupi, mama yangu aliniimbia hivyo tangu utotoni, na bado sikusikia. Siku mbili mzee hakunisemesha ila kuomba maji. Niliona aibu, haki ya Mungu.

Siku ya tatu nikavaa gambuti, nikafuata kijito mpaka nyumba zikaisha.

Wee! Kijito hakikuwapo. Palikuwa na ziwa. Maji yametulia nyuma ya ukuta wa fito na matope, umekandikwa vizuri kuliko nyumba nyingi za kwetu, na korongo amesimama humo akijilia samaki bila wasiwasi. Nikamtafuta fundi, simwoni. Mara kitu kikapiga maji, paa! Nikaruka, nikalia "Yesu wangu!" na mkia mpana ukazama mbele ya macho yangu. Nilisimama pale nacheka peke yangu. Wanyama wasio na jembe wala sururu wamechukua kijito cha kurukwa na mtoto, wakakifanya ziwa! Sijawahi kuogopa na kufurahi kwa pamoja namna ile. Kazini nilichelewa.

Safari hii sikutaka aniamini kwa maneno. Nilikuwa nimeokota kando ya maji kijiti kilichomenywa ganda, nikamwekea mkononi.

"Kibichi," akasema, akakinusa. Kidole gumba chake kikapita polepole juu ya alama za meno, pana na za kina. "Ndio wenyewe."

Nilidhani yameisha. Lakini kidole kilifika ncha ya pili, kikasimama, kikarudi nyuma, kikasimama tena. Akaukamata mkono wangu.

"Gusa hapa."

Nikagusa. Zilikuwa alama nyingine, nyembamba mno, kama za uma. Mimi mwenye macho yangu mawili sikuwa nimeziona.

"Hayo si meno ya wale wawili," akasema, na mzee yule mkali akaanza kulia. "Wamezaa."