Mshauri wa Mambo ya Chumbani

Mshauri wetu wa mambo ya chumbani, pale Brixton, Johannesburg, ni mama mnene kuliko mimi, na viti vyake vyote havina mikono, ili mtu asibanwe mapaja. Husikiliza huku akimenya chenza polepole, bila kulikata ganda. Sauti yake haipandi hata kwa maswali yanayonifanya nitazame viatu vyangu. Jumamosi iliyopita aliuliza, kama anayeulizia bei ya nyanya, "Mkienda kulala, taa anazima nani?"

"Huyu," akasema Dineo, mpenzi wangu. "Na fulana havui. Miaka minne, mama, sijaliona tumbo lake. Kama anaona haya kupenda mwanamke mwenzake, aseme tu, niondoke."

Miaka yote hiyo nilikuwa namficha unene wangu, basi. Vidole vya mshauri vilisimama katikati ya ganda. Nilidhani atanisemea. Badala yake alikigeuza kiti kuelekea dirishani, akatupa kisogo.

"Mimi sipo, mwanangu," akasema. "Mwambie yeye."