Tambi za Sukari kwa Bi Ninfa

Mwanasiti alikuwa ametunza wazee wengi mjini Minneapolis, lakini hakuna aliyemtia wasiwasi kama Bi Ninfa, ajuza wa Kisisilia aliyeletwa Amerika akiwa bibi harusi. Tangu apatwe na kiharusi, Kiingereza kilikuwa kimemtoka, na chakula hakukitaka. Uji aliugeuzia uso. Supu aliiacha ipoe. Brandon, mjukuu aliyeishi naye, alishasema kwa sauti ya chini kwamba hali isipobadilika, Jumatatu angepiga simu ili bibi achukuliwe kwenye makao ya wazee, alishwe kwa mpira. Mwanasiti alishafanya kazi katika makao kama hayo. Hakutaka Bi Ninfa aende huko.

Neno moja tu ndilo lililokuwa limebaki kinywani mwa bibi yule. "Zibibbu," alisema kila mara, akiutazama mlango wa jikoni.

Mwanasiti alisikia zabibu. Moyo ukamruka: Mtaliani huyu anataka tambi, tena zenye zabibu, kama za kwao Mombasa siku ya Idi! Jumamosi akaja kutoka kwake Columbia Heights na zabibu kavu, hiliki na kopo la tui. Spageti alizikuta kabatini. Akazivunjavunja, akazikaanga hadi zikawa rangi ya asali, akamimina tui, akatia sukari bila uchoyo.

Bi Ninfa alipokea kijiko cha kwanza. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Macho yakamtoka.

"Sukari," alisema kwa Kiingereza, polepole, kama anayemtaja mwizi. "Kwenye pasta."

Brandon alikuja mbio kutoka sebuleni.

"Ndiyo, Bi Ninfa," Mwanasiti akajibu. "Kwetu ndivyo."

"Kwenu hamkuwa na mama wa kuwafunza?"

Brandon alicheka hadi akafuta machozi. Ndipo akaeleza kwamba zibibbu ni zabibu za kwao Trapani, huko Sisilia, ila alichotamani bibi ni mvinyo wa zabibu hizo, ule aliokuwa akiutengeneza babake. Daktari ameupiga marufuku, na Mwanasiti naye pombe haigusi, kwa hiyo huko bibi hakuwa na bahati. Lakini neno ni lilelile, Mwanasiti akasema; Waarabu walipita kwenu, wakapita na kwetu. Bi Ninfa alisikiliza huku akidonoa zabibu sahanini, moja moja, tambi akizisukuma kando. Alipodhani hawamtazami, akala na tambi.

Jumatatu Brandon hakupiga simu. Bi Ninfa aliketi jikoni kwenye kiti cha magurudumu, akimfundisha Mwanasiti kupika pasta kwa sadini na zabibu, pasipo sukari, akimkemea kwa maji, kwa chumvi, hata kwa namna ya kushika mwiko. Mwanasiti aliitikia tu, "Naam, Bi Ninfa."

Alhamisi bibi aliomba zile tambi za aibu. Alitaka, alisema, kuhakikisha kama kweli zilikuwa mbaya kiasi kile.