Shingo Iliyosalimia Mtaa Mzima

Watu wa Butembo huumia wakiwa na shughuli. Mmoja anatupwa na pikipiki akitoka Manguredjipa, mwingine anamwagwa na pickup njia ya Mutwanga. Mimi nilianguka nyuma ya jikoni yangu, nikikimbia kuanua nguo mvua isizikute. Udongo wetu ukilowa ni sabuni. Kisogo kikagonga jiwe la kufulia, jiwe ambalo nilikuwa nimelichagua mwenyewe kwa sababu ni zuri.

Hospitalini daktari alisema ni commotion: ubongo umetikisika, lakini damu haikumwagika ndani. Nipumzike. Sijawahi kuandikiwa dawa iliyonifaa vile. Mimi ni mtu wa nyumba. Sokoni naona kelele, arusi naziona ndefu, na tangu nimalize humanités, masomo ya sekondari, sijapata mahali penye akili kuliko kiti changu kando ya makaa.

Lakini pumziko lilizidi kipimo. Maumivu yaliisha, kizunguzungu kikabaki. Na binti yangu mkubwa, aliyeolewa Beni, alikuwa amekaribia kujifungua. Katika familia yetu mtoto wa kwanza huogeshwa na mama wa mzazi. Anaenda, anakaa, anamkanda binti yake kwa maji ya moto, anaosha mtoto mpaka kitovu kinakatika na hata baadaye. Mama yangu alinifanyia. Kazi hiyo niliingojea kuliko nilivyongojea arusi yenyewe.

Binti akapiga simu.

"Mama, kichwa iko inazunguka bado?"

"Kidogo tu."

"Kidogo namna gani?"

"Kidogo ya kawaida."

Akakata shauri. "Donc mama mukwe ataosha mutoto. Weye utakuja kuangalia."

Kuangalia! Kama watalii wanaokuja kuangalia sokwe.

Nyumbani, wifi yangu ninayekaa naye alikuwa amejifanya askari wa kichwa changu. Alikifunga kitambaa, akakizungushia mito pande zote, akaita wamama wa kanisa. Nikitaka kuinuka tu, mikono minne inanishika viwiko.

"Naenda chooni," nasema.

"Tutakufikisha."

Nikapelekwa chooni taratibu, kama askofu anayepanda altareni.

Kitandani sikuwa na kazi, nikaanza kujichunguza. Niligundua kwamba nikilala upande wa kushoto, nyumba inatulia. Nikigeukia kuume, ukuta unaondoka, dirisha linaufuata, kisha vyote vinarudi mahali pake kama vile havikwenda popote. Na kila mara vinaenda upande uleule. Kwa nini haviendi upande wa pili? Nikageuka tena ili nione vizuri. Wifi alinikuta nimeshika chuma cha kitanda, nacheka.

"Sasa amepoteza akili," akawaambia wamama.

Wakaniongezea maombi. Ndipo nikaomba nirudishwe hospitalini, na daktari akanituma kwa kiné, yule anayetibu kwa kunyoosha na kutembeza watu. Alikuwa mama mnene wa umri wangu, mwenye mikono ya mtu aliyezoea kukanda ugali mwingi. Nilipomweleza habari za dirisha, alifurahi.

"Weye unajua ugonjwa yako muzuri! Lala tukuone."

Alinishika kichwa, akakigeuza kuume, akaniangusha chali kwa ghafla, kichwa kikaninginia kidogo kwenye ukingo wa kitanda. Chumba chote kikaruka. Nilipiga kelele. Yeye alikuwa ananikodolea macho.

"Macho yako iko inacheza," akasema. "Ngoja. Itasimama."

Yakasimama kweli. Akakigeuza kichwa upande wa pili, akanilaza ubavu, akaniketisha. Kisha akanieleza. Ndani ya sikio kuna vijiwe vidogo kuliko chembe ya chumvi, na vinakaa mahali pake. Kichwa kikigongwa, vinaweza kutoroka na kuingia kwenye vijia ambamo havitakiwi, na hapo sikio linaambia ubongo kwamba mwili unazunguka. Yeye alikuwa amevirudisha nyumbani.

Nilimwuliza maswali mpaka akatazama mlango. Samaki naye anavyo? Vinatoka wapi? Jiwe limeingia kichwani mwangu kwa nje na kwa ndani! Ila sikuwa nimepona kabisa. Nikisimama, miguu ilikuwa bado inauliza sakafu iko wapi.

"Nani anakushika ukitembea?"

"Wote."

"Waambie waache. Masikio yako imelala, imeachia bale wamama kazi. Utembee mwenyewe ku barabara, ukigeuza kichwa, kushoto, kuume, kushoto, kuume."

"Sitapumzika?"

"Umepumzika sana, mama. Sasa ile kupumzika ndiyo inakurudisha nyuma."

Niliona nimeonewa. Dawa moja niliyoipenda maishani, nimenyang'anywa.

Kesho yake nikatoka, wifi akinifuata kwa mbali, amekunja uso. Mtu aliyebuni zoezi lile hakulibunia Butembo. Huku huwezi kumgeuzia mtu uso usimsalimie. Nikigeuza kushoto, muuza mafuta: "Wabukire, mama!" Lazima niitikie, niulize watoto. Nikigeuza kuume, fundi wa viatu, naye ana bibi mgonjwa Masereka, lazima nisimame nisikilize. Watu ambao sikuwasalimia miaka mingi waliona shingo yangu inawajia mmoja mmoja.

"Mama, uko unafanya kampanye?" muuza mafuta akauliza. "Unataka udéputé?"

"Niko natibu sikio."

"Basi tutakupigia kura na sikio."

Mwanzoni niliyumba kama mlevi wa kasiksi. Baadaye barabara ikaanza kutulia, na nikajua mgonjwa wa Masereka anaendelea vizuri.

Mtoto alizaliwa, msichana. Nikapanda gari kwenda Beni, kwenye joto. Mama mkwe wa binti alikuwa amekwisha kukunja mikono, beseni iko tayari. Niliwaambia ukweli wote.

"Nikiinama nikageuka kuume kwa haraka, bado inakuja. Nikikaa chini na mutoto juu ya miguu yangu, hakuna kwenye ataanguka. Maji muweke kushoto. Kumuinua, mama mukwe atamuinua."

Binti alinitazama. Akaenda jikoni, akarudi na unga wa muhogo umefungwa katika kitenge, akaulaza juu ya miguu yangu.

"Osha."

Nikauosha bila maji, shingo, kwapa, mgongo. Mama mkwe akacheka mpaka akakaa.

"Huyu mutoto hana hata pua!"

"Amefanana na upande wenu," nikamjibu.

Ndipo binti akanipa wa kweli. Mwepesi, mwenye joto, amekasirika. Nilikuwa nimefika mgongoni wakati chumba kilipoanza kusogea kidogo.

"Ngojeni," nikasema.

Nikatuliza mikono juu yake, nikangoja. Kizunguzungu kikapita.

"Imepita," nikasema, nikachota maji.

Binti aliendelea kunitazama usoni, hakumtazama mtoto. Kisha harufu ya maharagwe yanayoungua ikaingia. Akasimama, akatuacha, akaenda kuyaangalia.