Ukurasa ambao Mwamini alijipangia mwenyewe

Sijakubali. Mnaniandikia pole tangu juzi, nazisoma zote na nashukuru, lakini moyo wangu haujakubali kabisa kwamba Mwamini hayupo.

Kwa wasiomjua: Mwamini ndiye aliyekuwa anatupangia tovuti sisi wafanyabiashara wadogo wa Bukavu. Wauza kahawa wa Mumosho, mama wa keki pale Nguba, na mimi Mapendo na sabuni yangu ya mawese. Alikuwa anaumwa moyo, na moyo ndio umemchukua.

Mtoto wa Uvira, familia ya kuuza vitambaa tangu babu. Ukijaribu kumdanganya bei, anakucheka mpaka unafika barabarani.

Siku ya kwanza nilimpelekea mpango wangu wa tovuti. Eeeh! Picha ya marehemu baba yangu na suti yake, historia ya familia nzima, vision na mission kwa Kifaransa cha nguvu, na wimbo unaoanza kupiga wenyewe ukifungua.

Akasoma mpaka mwisho bila kucheka. Hapo nikaogopa.

« Maman Mapendo, mutu akifungua hii page, unataka afanye nini? »

Nikasema anione tu. « Akuone, na kiisha? »

Akajijibu mwenyewe: « Bon. Unataka akuandikie juu ya sabuni. Basi toa yote yenye haimusukume pale. Batu banatafuta sabuni, habatafute papa yako. »

Nilinuna siku nzima, siwafichi. Lakini baba akatoka, wimbo ukatoka, na wateja wakaanza kuandika.

Swali lake la pili, nafikiri huulizwa hapa kwetu tu: « Na nani hautaki akuone? » Nilikuwa nimeweka ramani mpaka mlangoni, na picha ya depo ninamoweka mzigo, imejaa madumu. Alivifuta mwenyewe. « Unauzisha sabuni ao unaonyesha bezi njia? »

Ndivyo alivyotupanga, tuonekane kwa wateja na tujifiche wezi kwa wakati mmoja. Na yote hayo kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, umeme ukikatika na kurudi.

Mji ulipofungika kwa vita, kazi yake ikabadilika. Ndege hakuna, benki hakuna, barabara ya bondeni ya kwenda Uvira leo inapitika, kesho haipitiki. Mwamini akapita kwenye tovuti zetu zote kurekebisha ile sehemu ya livraison, inayosema tunapeleka mzigo mpaka wapi.

Kwangu paliandikwa Kinshasa. Akatoa. Luberizi, ambako mteja wangu mmoja analima mchele, akatoa. Uvira kwao, akatoa. Ikabaki Ibanda na Kadutu, za hapa hapa mjini. Niliiangalia ile sehemu nikajihisi kama niko ndani ya nyumba inayofungwa chumba kimoja kimoja.

Nikamwomba aache Uvira, hata iwe ya urembo tu.

« Hapana. Usiahidi batu njia yenye hauna. »

Kisha daktari akamwambia ukweli: vidonge havitoshi tena, moyo huu unataka upasuaji, na kwa shida yake twende Nairobi. Tukatoa pasipoti kwenye sanduku. Imeisha muda. Na ofisi ya kutengeneza nyingine haifanyi kazi tena mjini.

Msiniambie daraja la Ruzizi la mpakani liko pale. Najua liko pale. Karatasi tunayovukia inakufikisha sokoni ng'ambo na kukurudisha, haikupandishi ndege.

Tukaamua kumfungulia page ya kuomba msaada. Mimi ndiye niliyeandika, maneno ya kumliza kila mtu. Akaomba simu, kalala ubavu, pumzi inamshinda, akaanza kufuta. Jamani! Mgonjwa ananisahihisha!

« Mutu akifungua hii afanye nini, Mapendo? Alie? Akiisha kulia, atafunga. »

Akabakiza picha moja, anacheka. Mistari mitatu: anaumwa nini, anatafuta hospitali ya kumpokea, anatafuta mtu wa kumsaidia karatasi za safari. Chini yake bouton moja tu ya kubonyeza: « Naweza kusaidia. »

Hiyo ndiyo tovuti yake nzuri kuliko zote alizowahi kupanga. Watu wakaandika kutoka miji nisiyoijua. Kila jioni nilimsomea. Wengi walikuwa na huruma, wachache walikuwa na njia, na kila njia ilianza na yeye kuwa ameshatoka hapa.

Kitanda chake kilielekea ziwani. Ng'ambo unaona nyumba za watu, hata nguo walizoanika. Siku moja akaniambia, taratibu tu: « Batu bote bananiona. Kutoka ndio siwezi. »

Nikamkanda miguu.

Juzi asubuhi alikunywa chai nusu, akasema analala kidogo. Hakuamka. Tulimzika siku hiyo hiyo. Ndugu zake wa Uvira hawakuweza kupanda kuja huku, wakasikiliza dua kwa simu niliyoishika mimi juu ya kaburi.

Nina hasira. Naandika wazi hapa, nina hasira, na sijui nimpelekee nani.

Leo nikiwa naosha vyombo, simu imelia. Ujumbe umepitia kwenye page yake. Dada mmoja wa Nairobi: hospitali imekubali kumpokea, amepata na mtu wa karatasi, mgonjwa atakuja lini?

Nimekaa chini sakafuni na mikono yenye povu. Nimeandika, nimefuta, nimeandika tena: « Asante sana dada. Mwamini ametuacha juzi. »

Amenipa pole. Halafu ameniuliza: je, hapo kwenu kuna mwingine aliyekwama hivyo, ili nafasi isipotee?

Nimefungua dirisha nikauangalia mji huu wote, na sikujua nianze na jina la nani.

Wewe umeshatoka, Mwamini. Sisi bado tumo. Pumzika vizuri, dada yangu, usingizi mwema.