Saa Sabini na Mbili za Kuomba Radhi

Wiki mbili kabla ya mama yangu kupanda meli ya watalii, nilimwandalia ratiba kwenye karatasi ya manila nikaibandika ubavuni mwa friji. Mimi ni mwalimu wa bayolojia. Kuandika ratiba ndio ugonjwa wangu wa kudumu. Ule mwingine ulikuwa bado haujanipata. Ratiba ilisema mama haendi sokoni, haendi harusini, haendi msibani, wala hapokei wageni sebuleni. Kabla ya safari anapimwa korona puani. Majibu yakiwa mabaya, meli haimchukui. Yakiwa mazuri lakini kipimo kimepitisha saa sabini na mbili, haimchukui vilevile. Hilo la mwisho nililipigia mistari miwili kwa kalamu nyekundu.

Mama aliisoma yote, kwa utulivu, kisha akaniuliza siku ya kuagana na watu nimeiweka wapi. Nikamjibu kwamba siku hiyo haipo. Akavua miwani, na mimi nilimjua mama yangu akivua miwani.

Nieleze kwanza habari ya meli, maana hata mtaa wetu mzima wa Nguvumali haukuamini. Mama ana dada mmoja tu, mkubwa wake, aliyeolewa Maskati miaka ishirini na tisa iliyopita na hajarudi tangu hapo. Mama mkubwa huyo anaogopa ndege kuliko kaburi, ameniambia mwenyewe. Wanawe wakamkatia safari kwenye meli kubwa ya watalii, ambayo ingeteremka pwani hii na kusimama Unguja. Wakatuchukulia na sisi chumba, mama na mimi, tuingie hapo Unguja na kukaa naye baharini siku sita. Wanawe walisema waziwazi kwamba moyo wake hauko vizuri na safari nyingine wasingemruhusu.

Lakini kulikuwa na jambo. Bibi yetu alipofariki, mama mkubwa hakuja kuzika. Mama alimpigia simu, akamwambia kwamba kuanzia siku ile marehemu alikuwa na mtoto mmoja. Baada ya hapo waliendelea kupigiana kila Idi, wakiulizana afya na hali ya mvua, na neno lile halikutajwa tena na yeyote. Mama alitaka kulifuta uso kwa uso. Kulifuta kwa simu alikataa, akidai kwamba simu ndiyo iliyolibeba na haiaminiki tena.

Kwa hiyo meli ile ilikuwa lazima aipande, na mimi nilijiteua mlinzi wa pua yake, nikahamia kwake kwa muda. Nilinunua barakoa za kutosha darasa zima. Niliweka kitakasa mikono mlangoni, jikoni na juu ya televisheni. Mama alinivumilia. Alijifukiza kila asubuhi kwa majani ya mchaichai na mwarobaini, akitoka chini ya shuka ametota jasho na mwenye furaha, na kuniuliza kama bayolojia ina neno juu ya hilo.

Lakini kuagana hakuacha. Kwetu mtu havuki bahari kabla hajazunguka kwa watu kuomba radhi: niwie radhi kama nilikukosea, kwa kujua au kwa kutojua, na mwenzako akujibu nimekuwia, nawe niwie. Safari ikiwa ya Hija, mtaa mzima hupitiwa. Mama aliamua kwamba hii yake ina uzito huohuo, ingawa meli ilikuwa na bwawa la kuogelea na ukumbi wa muziki. Akaandika orodha yake nyuma ya karatasi yangu ya manila. Kila siku nikifika kutoka shuleni nilikuta jina limefutwa, na mama amekunywa chai mahali.

Alhamisi moja nilimkuta anarudi kutoka kwa jirani wa nyumba ya nyuma. Hawakuwa wamesemeshana tangu kuku wa yule jirani walipofukua mchicha wetu, na ugomvi huo ulikuwa na umri wa kwenda shule. Yule jirani alikuwa na kikohozi ambacho sisi sote tulikisikia kupitia ukutani kwa wiki nzima. Nilimuuliza mama walikaa umbali gani. Akasema walikumbatiana.

Nilimwambia amezeeka vibaya. Nilimwambia kwamba akiikosa meli, na dada yake akafa bila kumwona, asije kunililia mimi.

Mama aliivua kanga ya kichwani akaikunja taratibu. “Nitamwambiaje dada aniwie radhi,” akasema, “na huyu wa ukutani sijamwambia?”

Swali hilo lilinikasirisha zaidi. Nilichukua mkoba wangu nikarudi kwangu Pongwe, nikaapa simkaribii mpaka majibu yatoke. Nikajiambia kwamba huo ni uamuzi wa kitaalamu. Ulikuwa ni kununa tu, na nilinuna vizuri, siku sita mfululizo, simu zake nikizijibu kwa neno moja moja.

Kesho yake, Ijumaa, nilikwenda Muheza kutafuta machungwa. Mama mkubwa alikuwa ameomba kitu kimoja tu kutoka nyumbani: machungwa ya Muheza. Sikutaka kumtuma mtu, kwa kuwa watu hawachagui, wanabeba tu. Nilifika njia panda nikaanza kwa mfanyabiashara wa kwanza, akanikatia kipande nionje. Sasa, chungwa haliliwi na barakoa. Niliishusha kidevuni. Nikaonja la pili, nikabishana na wa tatu uso kwa uso kuhusu lipi lina maji zaidi, na wa nne alikuwa mcheshi sana, nikasimama kwake karibu saa nzima tukicheka. Nilirudi Pongwe na kikapu kimejaa, nikanawa mikono kwa sekunde ishirini nilizozihesabu kwa sauti.

Jumatatu saa nne asubuhi tulipimwa hospitalini, mimi na mama, kila mmoja kwa wakati wake. Alikuja na bajaji, mimi nikasimama mbali chini ya ukuta nikimwangalia kama msimamizi wa mtihani. Meli ilikuwa inafunga mlango Alhamisi saa tatu asubuhi, kwa hiyo tulikuwa na saa moja tu ya akiba, na nilijivunia hesabu hiyo. Muuguzi alimpa mama shikamoo, akamweleza kwamba kile kijiti kingeingia ndani sana, akaomba amwie radhi. Mama alifurahi kama amepewa zawadi. Akamwia, akaomba naye awiwe radhi, na muuguzi akalazimika kujibu kijiti kikiwa mkononi. Foleni ilisubiri.

Zamu yangu ilikuwa fupi. Nilimkosoa muuguzi namna ya kushika kijiti.

Majibu yalikuja Jumatano asubuhi kwa ujumbe wa simu, kwanza ya mama. Hana kitu. Huyu aliyekunywa chai nyumba kumi na tisa na kukumbatia kikohozi, hana kitu. Nilikuwa bado nashangaa ujumbe wangu ulipoingia. Ugonjwa nilikuwa nao mimi.

Nilikaa juu ya kitanda nikacheka, halafu nikalia, halafu nikaanza kuhisi koo linawasha, ambalo dakika tano kabla lilikuwa zima kabisa. Fomu ya meli iliuliza kama abiria amekaa karibu na mgonjwa siku za karibuni. Nikahesabu kwa vidole. Tangu Alhamisi sijamgusa mama, sijaingia nyumbani kwake, sijala naye hata tonge. Angeweza kujibu hapana na ikawa kweli tupu. Jambo moja tu lilibaki: ndege ndogo ya Unguja ilikuwa inaondoka saa nane mchana, na mama yangu hajawahi kupanda hata lifti peke yake.

Nilimpigia nikamwambia. Akauliza kama nina homa, nikamwambia sina. Akasema basi haendi. Nikamwambia akitia mguu Pongwe kuniuguza nitafunga mlango kwa ufunguo. Akakata simu.

Saa tano bajaji ilisimama nje ya uzio wangu. Alishuka amevaa buibui lake la safari, barakoa imekaa sawasawa puani, mara ya kwanza bila kukumbushwa. Nilimpigia kelele kutoka dirishani asimame hapohapo. Alisimama. Kati yetu kulikuwa na uzio, bustani ya bamia, na kikapu cha machungwa nilichokuwa nimekitoa nje kikae juani. Alisema atayaosha kwa sabuni moja moja. Kisha akaniambia kwamba kwenye orodha yake limebaki jina moja.

“Nilikuweka wa mwisho kwa sababu ndiwe mgumu,” akasema. “Niwie radhi, mwanangu.”

Nilikuwa nimemwambia amezeeka vibaya, na yeye ndiye anayeniomba. Nilitaka kusema polepole, kwa heshima yake, lakini kwa umbali ule isingefika, kwa hiyo nilipayuka. Nimekuwia, mama, nawe niwie, kwa neno lile la Alhamisi na kwa mengine yote. Jirani aliyekuwa anaanika nguo aliacha kuanika. Dereva wa bajaji akainamisha kichwa. Mama akajibu nimekuwia, akabeba kikapu chake, akaondoka peke yake.

Siku tatu nilikunywa tangawizi na kuungoja mtandao wa melini. Jumamosi alipiga simu ya video. Walikuwa wawili kwenye viti vya kulalia, wazee wanaofanana mpaka kwenye namna ya kuketi, maganda ya machungwa yamejaa kwenye sahani ya meli. Nikamuuliza kama alilisema lile neno. Akasema alikuwa amelipanga tangu Nguvumali, akalirudia njia nzima ndani ya ndege, na alipofika mlangoni mwa chumba dada yake akamshika uso akamwomba radhi yeye, kwa kutokuja kuzika. Hakumwachia nafasi hata ya kuanza.

Nikauliza mama mkubwa anasemaje kuhusu mimi kutokuja.

“Nimemwambia ulijitenga na mimi siku sita nzima ili nifike kwake salama,” mama akasema. “Anakuombea dua tangu juzi.”

Nilitaka kumsahihisha. Nilifungua mdomo kabisa.

“Najua ulikuwa umenuna,” akasema. “Hilo niachie mimi.”